Waya wa Ardhi Kiembe Samaki

Mwaka 1969, siku chache kabla ya masika, mke wangu Khamisa alipigwa na waya wa redio. Alikuwa akifuta vumbi, akaichomoa eriali, na cheche ikamruka kidoleni. Redio yetu ilikuwa ya betri, tena ilikuwa imezimwa.

"Imezimwa na bado inauma!" alisema. "Baba Wanu, kama haya ndiyo unayokwenda kusomea, bora ukae nyumbani. Ijumaa nisiuone waya huu."

Siku ile ilikuwa Jumanne. Eriali niliitengeneza mwenyewe: waya wa shaba wa hatua thelathini, kutoka paani kwetu Kiembe Samaki mpaka mnazini, kila ncha nimeifunga kwenye shingo ya chupa ili umeme usipite. Bila ya waya ule redio haikuishika Misri. Baba yake Khamisa, Mzee Matar, alikuwa haoni tena, na kila alasiri kisomo cha Kurani kutoka Misri ndicho kilichomtoa kitandani. Nikiushusha, atabaki na nini?

Jumatano jioni nikapanda baiskeli kwenda darasani mjini. Mwalimu Usi, aliyetufundisha ufundi wa redio, alinieleza kwamba upepo na mawingu huujaza umeme waya mrefu. Usipopata njia ya kuingia ardhini, umeme hukaa ukimngoja atakayeugusa.

"Lakini nna waya wa ardhi, mwalimu."

"Chuma chake umekichimbia wapi?"

"Mbele ya nyumba. Pakavu, pasafi."

Darasa zima likacheka. Mkadam, fundi cherehani, akasema, "Shaame, ungekitandikia na mswala!"

"Pale pako ni mawe matupu," alisema mwalimu. "Chuma kinataka udongo wenye maji. Hamna?"

"Upo, nyuma ya choo. Lakini waya huu unatuletea Kurani. Sikuona adabu mwisho wake niuzamishe kwenye uchafu."

Hapo kicheko kikakatika. Mwalimu akauliza, "Na maji mnayotilia udhu, yanamwagikia wapi?"

Sikuwa nimepafikiria. Alhamisi nilikichimbua chuma nikakihamishia uani, kando ya mtungi wa udhu, penye udongo mweusi usiokauka kwa sababu watu watano tunatawadha hapo kila sala. Kilizama futi nne. Kisha nikaunganisha eriali na waya wa ardhi kwa kidude kiitwacho rezista alichonipa mwalimu, ili umeme uvuje polepole bila kuiba sauti. Alinionya pia: radi ikinguruma, mtu asiguse kitu.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, mawingu yalitanda na upepo ukavuma, lakini hapakuwa na radi. Khamisa akasimama mlangoni.

"Shika wewe kwanza."

Nikasema Bismillahi, nikaichomoa eriali, nikaishika ncha yake. Cheche haikuruka. Akanitazama usoni kuona kama najikaza, kisha akaigusa kwa kidole kile kile.

"Hamna kitu," alisema.

"Basi ubaki?"

"Ukiniuma tena nnaukata kwa panga."

"Nyie!" Mzee Matar akaita kutoka barazani. "Mnapeana mikono na waya, na kisomo kinanipita!"

"Naam, baba," Khamisa akaitikia, akaichomeka eriali kwa mkono wake mwenyewe.