Akigonga Kichwa, Msimwache Alale

Nawaandikia wazazi wenzangu. Mimi niliishia shule ya msingi na kazi yangu ni kushona nguo, lakini hili nimeliona kwa macho yangu.

Binti yangu anasomea udaktari chuoni. Majina ya sehemu za ubongo ni ya Kilatini na Kigiriki, magumu kama kutafuna kokoto. Basi tukabuni njia yetu: mimi nashona, yeye anashika picha ya ubongo, anataja jina na maana yake ya asili, nami namsikiliza kama hakimu. Hipokampasi, Kigiriki, farasi wa baharini, maana imejikunja kama yule samaki. Amigdala, lozi. Thalamasi, chumba cha ndani. Kisha zile ngozi tatu zinazoufunika ubongo: ya nje dura mata, Kilatini, mama mgumu; ya kati araknoidi, utando wa buibui; ya ndani pia mata, mama mpole.

"Pia nini tena?" kaka yangu, fundi rangi, humtania. "Waliotunga haya walikuwa na njaa na wamewakumbuka mama zao!"

Mchana mmoja bobini, kile kigurudumu cha uzi wa cherehani, iliniponyoka. Binti akainama kuiokota, na alipoinuka akajigonga juu ya sikio kwenye ncha ya dirisha la chuma lililokuwa wazi. Mlio wake niliusikia hadi kwenye meno. Akakaa chini, macho yamemtoka, halafu akacheka.

"Damu hamna, mama. Nundu tu."

Tukarudi kwenye picha, akajibu yote. Nikamshukuru Mungu. Kumbe moto ulikuwa chini ya majivu.

Suruali niliyokuwa naikunja pindo haijaisha, akaanza kulalamika kichwa kinamuuma.

"Haya, na hii?" Nikagusa hipokampasi pale kwenye picha.

"Lozi."

"Angalia vizuri."

"Lozi."

Nikagusa thalamasi.

"Lozi," akasema, sauti nzito kama ya mtu aliyejaza pamba mdomoni.

Kaka, aliyekuwa amekaa mlangoni, akaangua kicheko. "Leo kichwa kizima ni lozi! Mwache alale, dada, mitihani imemchosha."

Binti mwenyewe alishajinyoosha juu ya vitambaa. Mimi mkono uliganda kwenye gurudumu la cherehani. Binti huyu hukosea, ndiyo, lakini akikosea hujijua. Hukunja uso, akauma ulimi. Sasa hakujua. Hilo ndilo lililonitisha.

"Amka."

"Mama, niache..."

Akatapika. Nikamfumbua macho, nikaona mboni moja kubwa kuliko mwenzake.

Sikumbuki kama nilifunga mlango. Kaka, kicheko kimemkauka, alimbeba hadi kwenye teksi ya jirani. Njiani nilimpiga vibao vya mashavu kama niliye na ugomvi naye. "Usilale! Nijibu!" Hakunijibu.

Hospitalini daktari alituonyesha picha ya kichwa iliyopigwa kwa mashine. Mshipa umepasuka, damu inajikusanya kati ya fuvu na ile ngozi ya nje, inaukandamiza ubongo. Isipotolewa haraka, anakufa.

"Dura mata," nilinong'ona.

"Hiyo hiyo, mama. Inasukumwa ndani."

Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Waliosoma wataniambia hayo ni majina tu ya watu wa kale. Mimi pale kwenye benchi nilimsihi yule mama mgumu kama mtu anavyomsihi jirani: shikilia, dada, shikilia, mwenzio niko nje, siwezi kuingia.

Kaka alitembea huku na huku. "Mimi ndiye niliyesema alale. Mimi." Lawama sikuwa nazo, zote zilikuwa zimeliwa na woga.

Mwishowe daktari akatoka, barakoa ikining'inia shingoni.

"Damu tumeitoa, anapumua mwenyewe. Mngemwacha alale, mngeukuta mwili umepoa."

Nikamshika kaka mkono.

Basi nawaambia: mtu akigonga kichwa, hata akicheka, hata asipotoka damu, msimwache peke yake. Akianza kuumwa kichwa, au kutapika, au kuchanganya maneno, mkimbizeni hospitali. Msiseme amechoka.

Binti amerudi nyumbani, nywele zinaota upya kandokando ya kovu. Lakini mimi woga haujanitoka. Akifumba macho mchana, nasimama juu yake.

"Mama, nimelala tu!"

"Lala, mwanangu. Ila kwanza niangalie."