Kidole cha Sajenti Komakech

Mtu wa Makindye, hapa Kampala, akikuambia kwamba Sajenti Komakech alimkataa mtoto wake mbele ya ukoo, mwulize yeye siku hiyo alikuwa amekaa wapi. Mimi nilikaa karibu kuliko wote, goti langu likigusa kiti chake. Ni kaka yangu. Na hiyo habari, kabla haijafika kwa fundi viatu na kwa wauza mkaa, niliipeleka mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.

Kiharusi kilimpiga wiki mbili kabla ya Pasaka. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa nusu, maneno yakaisha kabisa. Mtu aliyepiga kelele za paredi miaka ishirini na sita akabaki na sauti moja, "aa". Aa ya maji, aa ya choo, aa ya nzi aliyetua puani. Lakini kichwani yuko mzima. Nikimsimulia nani kaonekana na nani, anacheka kwa upande mmoja wa uso, na upande ule mwingine unabaki kama wa mtu asiyetaka kuhusishwa.

Pasaka hiyo ndiyo aliyoahidi kumleta Ayaa nyumbani. Ayaa ni binti aliyemzaa na mama mmoja aliyekuwa akipikia wanajeshi chakula, zamani, kabla hajamwoa Joska. Mama huyo alishafariki. Binti sasa ana miaka ishirini na minne, anauza kwenye duka la dawa kule Kasubi, na ana paji la uso la kaka yangu, lile pana, huwezi kuliiba sokoni. Kila mtu alijua. Mimi tu ndiye niliyekuwa nasema. Mwaka huu akapata mchumba, na wazee wa mchumba wakauliza jambo moja: tukija, tubishe hodi kwa nani? Kwetu Waacholi msichana hajitaji mwenyewe kuwa wa ukoo fulani. Baba ndiye anayetamka, watu wakisikia. Na baba kinywa chake kilikuwa kimefungwa.

Wifi yangu Joska hakupoteza usingizi kwa hilo. "Baba akisema ni wake, nitampikia kuku," alikuwa akijibu. "Asiposema, mimi nitajulia wapi?" Anajua kupanga maneno, Joska. Unamlaumu vipi mtu aliyeahidi kuku?

Tulijaribu kila njia. Kalamu mkono wa kushoto, zikatoka nyoka. Kutikisa kichwa, lakini kichwa chake tangu augue kinatikisika chenyewe, ndiyo na hapana zote ziko humo. Nikasema animinye mkono, mara moja ikiwa ndiyo. Akaniminya. Joska akacheka. "Wifi, wewe hata ukiminywa na mlango unasikia habari."

Basi nikakumbuka kompyuta. Mpangaji wangu mmoja alipohamia Juba aliniachia kikompyuta cha kugusa kioo, kidogo kama Biblia ya kanisani, kinakunjika mpaka kinasimama kama hema. Kilikuwa kizito cha akili. Unakiwasha, unachemsha chai, unakunywa, ndipo kinakuambia nafasi imejaa. Nikakipeleka Katwe kwa Augustin, Mkongo wa Bukavu, mwenye kibanda katikati ya wachomea mageti wawili. Ukiongea naye lazima upandishe sauti, hivyo siri zake zote zinajulikana mpaka barabarani.

"Mama Adoch, hii imeshiba," alisema baada ya kuizungusha. "Windows imekula nafasi yote, haina pa kupumua. Nitaitoa, nitaweka mfumo mwingine, Linux. Ni nyepesi, ni ya bure, na iko na sauti ya kusoma Kiswahili."

"Na Kiacholi?"

"Kiacholi hakuna."

"Sawa tu. Jeshini alitukanwa kwa Kiswahili, atajibu kwa Kiswahili."

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilichukua wiki tatu. Kwanza picha ikalala ubavu, maandishi yanapanda kama siafu ukutani, ukitaka kusoma uinamishe shingo. Akaisimamisha picha, sauti ikagoma. Sauti ikaja, kioo kikafa, unagusa kama unagusa sahani. Augustin anasoma kwenye simu yake watu wa nchi nyingine wenye mashine kama hiyo wanavyohangaika, kisha anaandika mistari myeupe kwenye kioo cheusi, anazima, anawasha, anatikisa kichwa. Mimi nakwenda na chapati, nakaa kwenye stuli. Kufikia wiki ya pili wachomea mageti walikuwa wanalijua suala la Ayaa kuliko wajomba zake.

"Leo je?" wananiuliza.

"Leo imeanza kuongea, ila haijasikia."

"Kama mke wangu," anasema mmoja, na kazi inasimama dakika kumi.

Ijumaa ya wiki ya tatu nikaikuta mezani, picha imenyooka. Augustin alikuwa amechora miraba miwili mikubwa: wa kijani kushoto, upande wa mkono mzima wa kaka yangu, umeandikwa NDIYO; mwekundu kulia, HAPANA. Ukigusa, mraba unang'aa na sauti inatamka, sauti ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya ndoo, lakini Kiswahili chenyewe hakina makosa.

"Naichukua," nikasema.

"Mama, haijaisha. Ikiwa wazi hivi iko sawa. Ukiikunja kama hema, sijaangalia inafanya nini. Uniachie mpaka Jumanne."

"Jumapili watu wanakuja, Augustin."

"Uwaambie Jumanne."

"Ukoo hauitwi Jumanne. Mzee Odyek anatoka Gulu na basi, nimwambie arudi kwa sababu ya Mkongo na mistari yake?"

Akaifunga kwenye kitambaa, akanipa. "Basi usiikunje," alisema. Nilimsikia. Siwezi kusema kelele za mageti zilinizuia.

Jumamosi tuliijaribu sebuleni kwa Joska, imefunguliwa juu ya meza. Majirani waliingia kwa zamu. Sajenti, una njaa? Hapana. Sajenti, huyu mke wako anakusumbua? Ndiyo. Nyumba ikacheka, hata Joska akacheka. Kaka yangu alikuwa na uso ambao sikuuona tangu kabla ya Pasaka. Nikatamani waje watu zaidi, na nikapiga simu zaidi.

Jumapili walijaa. Wazee kwenye makochi, wanawake kwenye mkeka, wengine dirishani na viwiko ndani. Mzee Odyek, baba yetu mdogo, amevaa koti la harusi ya mtu. Ayaa amekaa karibu na mlango, magoti pamoja, gauni la bluu, kwa sababu mgeni hukaa karibu na mlango. Sasa kompyuta ikiwa imelala wazi, mkono wa kaka yangu ulikuwa unaangukia kwenye vitufe, na watu wa nyuma walikuwa wanalalamika kwamba hawaoni. Nikaikunja. Nikaisimamisha kama hema, kioo kikamtazama. Picha ikajigeuza yenyewe, ikanyooka, NDIYO kushoto, HAPANA kulia, kama kawaida. Watu wakapiga makofi. Nikajiona na mimi ni fundi.

Ili tuanze vizuri nikamwuliza, "Ndugu yangu, nikumiminie chai?"

Akagusa. "Hapana," ikasema ndoo.

Sebule ikacheka. Komakech kukataa chai, mtu anayeweka sukari nne. Yeye alikuwa anakitazama kioo, nyusi zimekutana. Nikasema ana aibu mbele ya wakubwa. Hivyo ndivyo nilivyosema, na watu wakacheka tena.

Mzee Odyek akasimama, akafunga vifungo vya koti. Alimtaja baba yetu, akamtaja babu, kisha akasema, "Komakech, yuko hapa msichana anaitwa Ayaa. Anasema wewe ndiye baba yake. Mbele yetu sote, ni mtoto wako?"

Kaka yangu hakusita. Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka, kidole kikaenda kijani, katikati kabisa ya kijani. Nilikiona. Na mraba ulioangaza ulikuwa ule mwekundu.

"Hapana."

Akagusa tena kijani, kwa nguvu. "Hapana." Tena. "Hapana. Hapana. Hapana. Hapana." Kila alivyojitahidi ndivyo ilivyozidi kumkataa, na ile sauti haipandi wala haishuki. "Aa," alikuwa anasema yeye, "aa, aa," machozi yanashuka upande ule unaofanya kazi, na akaipiga kompyuta kofi mpaka ikaanguka chini.

"Basi, usimkasirishe mgonjwa," Joska akasema. "Ameshasema."

Na mimi? Kidole nilikiona, na mwanga mwekundu niliuona. Lakini chumba kizima kilikuwa kimesikia neno moja, na mimi katika maisha yangu sijajua kuwa mtu mmoja anayesema neno tofauti na chumba kizima. Nikajiambia, mashine inajua. Nikajiambia, labda nimeona vibaya. Nikainama kuiokota.

Nilipoinuka, pale mlangoni palikuwa na viatu vya watu wengine. Ayaa alishaondoka. Hakupiga kelele, hakugonga mlango. Wanawake wakaanza kuosha vikombe. Jioni hiyo nikapita kibanda hadi kibanda nikisimulia, kwa sababu habari kubwa kama hiyo ikikaa ndani yangu inaniumiza tumbo. "Mara sita," nilikuwa nasema. "Sio mara moja. Mara sita."

Jumanne nikaipeleka Katwe, kona moja ya kioo ilikuwa na ufa. Augustin akauliza ilikuwaje, nikamsimulia kwa sauti ya kushinda mageti. Aliikunja kama hema, akaweka kidole kwenye kijani.

"Hapana," ikasema.

Akaweka kwenye nyekundu. "Ndiyo."

"Mama, mliikunja?"

Nikakikunja kitambaa nilichokuja nacho.

"Picha imegeuka," alisema polepole, "kugusa hakujageuka. Unagusa huku, yenyewe inajua umegusa kule. Ndicho nilikuwa nataka kuangalia." Akavuta stuli, akafungua kile kioo cheusi. Haikumchukua hata saa moja. Mistari miwili. Kijani ikasema ndiyo, ikiwa wazi, ikiwa hema, hata ikiwa imelala chali. Wale wachomea mageti walikuwa wameacha kazi wananitazama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeleta mzaha.

Nilimpigia Mzee Odyek, keshafika Gulu. Nikamweleza picha, kugusa, hema. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu.

"Adoch binti yangu," akasema, "ulituita, tukaja. Ulituambia mashine itamsemea, tukakubali. Sasa unaniambia mashine ilikuwa inasema kinyume. Juzi ulijua?"

"Sikujua, baba."

"Na keshokutwa utanipigia kusema nini? Ukoo si redio, useme tu tutafute stesheni nyingine."

Joska hata hakutaka maelezo. Alikuwa anachambua mchele. "Mara sita, wifi. Si ndivyo ulivyowaambia watu? Mimi nimeyasikia kwako."

Akabaki Ayaa. Simu hakupokea, nikaenda Kasubi. Alinihudumia kama mteja, amesimama nyuma ya kaunta, mikono juu ya kioo. Nikamweleza yote. Nilifika pale pa kidole nikafikiri ndipo pa kumfurahisha, kwa hiyo nikapatilia mkazo.

"Mimi nilikiona kwa macho yangu, mwanangu. Kilikuwa kwenye kijani. Alikukubali."

"Ulikiona lini, shangazi?"

"Palepale."

"Mimi nikiwa bado nimekaa?"

Kuna maneno hujui umesema nini mpaka uulizwe swali. Nikaanza habari ya ugeni wa mashine, na watu wengi, na Joska. Akainua kiganja kidogo tu.

"Mashine haina akili, siidai kitu," akasema. "Wewe ulikuwa umekaa goti kwa goti naye. Ungesema 'ngojeni', neno moja. Wewe, shangazi, unayeongea mpaka usingizini." Akamgeukia mteja aliyeingia. "Karibu, kaka. Nikusaidie nini?"

Wazee wa mchumba walibisha hodi kwa mjomba wa Ayaa, kaka wa mama yake. Nimesikia walijaza nyumba na kwamba gauni lilikuwa zuri. Nimesikia tu, maana sikualikwa, na aliyenisimulia alikuwa anakatisha maneno kila ninapouliza.

Kompyuta sasa inafanya kazi vizuri. Joska ameiweka kama hema kwenye meza ya kaka yangu, juu ya kitambaa alichofuma, na wageni wakija wanamwuliza mambo madogo. Chai? Ndiyo. Dirisha tufunge? Hapana. Wanashangaa, wanasifu. Swali lile haliulizwi. Joska aliniambia, kwa upole, kwamba daktari hataki apandishwe presha.

Wiki iliyopita alikwenda sokoni, nikabaki na kaka yangu peke yetu. Sikupanga. Nilijikuta nimevuta kiti, goti kwa goti, nikamwuliza kama mzee Odyek alivyouliza, nikataja baba, nikataja babu. Kidole kikaenda kijani.

"Ndiyo," ikasema ile ndoo, katika sebule isiyo na mtu. Akagusa tena. "Ndiyo." Alikuwa ananitazama mimi, hakitazami kioo, anagusa tu. "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo." Nikasikia geti, kisha viatu vya Joska kwenye kokoto, na kaka yangu alikuwa bado anagusa. Nikanyoosha mkono, nikaifunga.