Majeneza Sita ya Lipangalala

Fundi Faustin alikuwa ameinamia mlango wa kabati, akitafuta mahali pa kutia bawaba, Nassib alipoingia karakanani bila hodi. Hilo peke yake lilimshtua. Nassib naye alikuwa seremala, nyumba ya nne kutoka hapo, na kwa kugombea wateja walikuwa hawajasemezana mwaka mzima.

“Acha hiyo kazi,” Nassib alisema. Suruali ilikuwa imemlowa hadi mapajani. “Mtumbwi umepinduka. Watu waliokuwa wanarudi kutoka mashambani. Tumeopoa sita.”

“Wazima?”

Nassib alitikisa kichwa.

Ilikuwa Aprili 1998, masika yale ambayo mto Kilombero uliacha njia yake ukatandaa mashambani. Watu wa Lipangalala walikuwa wakivuka kila siku kwenda kuona kama mpunga wao bado umesimama. Nassib aliwataja waliokufa mmoja mmoja. Alipomtaja Gladness, binti wa mzee Teofili, Faustin alimkatiza.

“Hapana, huyo siye. Juzi alikuwa hapa.”

Jumamosi binti huyo alikuja kuchukua kigoda cha mama yake. Alikikalia palepale mlangoni, akalalamika kwamba mguu mmoja bado unacheza, na Faustin akamwambia anayecheza ni yeye. Aliondoka anacheka. Alikuwa kidato cha pili.

“Nimemtoa mwenyewe majini, Faustin,” Nassib alisema.

Alitoa mfukoni kamba sita za katani. Hakuwa na futi kule mtoni, kwa hiyo kila maiti aliipima kwa kamba na kuipiga fundo. Alizitandika juu ya meza. Faustin alizitazama zile kamba. Kamba moja ilikuwa fupi kuliko zote, na hakuthubutu kuuliza ni ya nani.

Maziko yalikuwa kesho yake mchana, maana kwa joto lile miili isingeweza kungoja. Nassib alileta mbao zake kwa mkokoteni na randa yake mwenyewe. Walianza kukata. Faustin, mtu wa miaka ishirini katika useremala, alikosea ubao wa kwanza, akakosea wa pili. Mikono ilikuwa yake lakini haikumsikia.

Jeneza la tatu lilikuwa mezani mzee Teofili alipotokea mlangoni, kanzu yake ya kanisani imefungwa vifungo kombo.

“Shikamoo, mzee,” Faustin alisema, akijaribu kuziba meza kwa mwili wake. “Rudi nyumbani, baba. Kapumzike. Sisi tutaleta.”

“Marahaba. Huko nyumbani wamenikalisha kwenye kiti,” Teofili alijibu, sauti yake kavu. “Kila anayeingia ananiambia nijikaze, mapenzi ya Mungu. Nikikaa nauona mto tu. Nipeni kazi.”

“Hapana, mzee. Kwa hili, hapana.”

Nassib alimpita Faustin. Alichukua kipande cha msasa, akakiweka katika kiganja cha yule baba, kisha akamsogezea ubao.

Teofili alisugua. Alisugua muda mrefu, taratibu, unga wa mbao ukimwangukia miguuni. Kisha macho yake yakafika kwenye zile kamba.

“Yake ni ipi?”

Nassib alimwonyesha. Teofili aliiokota, akakanyaga ncha moja kwa kidole gumba cha mguu, akaivuta juu mpaka fundo likamfika kifuani.

“Hapa?” aliuliza. “Alikuwa amefika hapa? Amekua lini?”

Ndipo akaketi sakafuni. Alilia kwa sauti ambayo Faustin hakuwahi kuisikia kwa mwanamume, na wanawake waliokuwa wakipita barabarani wakasimama. Faustin alikuwa na maneno tayari mdomoni, yaleyale ya jikaze, mzee. Nassib akamshika mkono kumzuia. Wakaketi chini naye, mmoja huku, mwingine kule, mpaka mzee mwenyewe alipopangusa uso na kuuomba ubao wake.

Baada ya maziko, wiki nzima Faustin hakufungua karakana. Akishika msumeno, anauweka chini. Akilala anaziona kamba. Balbina, mkewe, alimtengea chakula na kukiondoa kikiwa kizima, mpaka siku moja asubuhi akamwambia, “Baba Antoni, nenda kwa mzee Teofili.”

“Nikamwambie nini?”

“Usimwambie kitu. Nenda tu.”

Alimkuta Teofili anatoka na shoka begani. Kumbe kila siku baada ya misa ya asubuhi alikuwa akizungukia zile nyumba nyingine tano zilizofiwa, anapasua kuni, anajaza maji, anaondoka.

“Mimi maneno sina,” Teofili alisema walipokuwa wakitembea. “Na waliyonipa mimi hayakunisaidia. Lakini kuni wanapikia.”

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Valeria, mjane wa miaka thelathini hivi. Alikuwa amekaa kizingitini, khanga begani, anatazama uani bila kuona. Teofili alimsalimu, akaenda nyuma na shoka lake. Faustin alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

“Fundi,” Valeria alisema, “kitanda cha watoto kimevunjika chaga. Tangu siku ile wanalala wote na mimi, wamenikumbatia, wananigusa pua kuona kama napumua.”

Faustin aliuliza kitanda kiko wapi. Hakuwa amekuja na kifaa chochote, akamwomba nyundo, naye Valeria akainuka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kwenda kuitafuta. Nyundo yenyewe ilikuwa mbovu, mpini umelegea. Faustin alipiga msumari wa kwanza ukapinda. Aliung’oa, akaunyoosha juu ya jiwe, akapiga tena.

Watoto wawili walikuja kusimama mlangoni kumwangalia.

“Shikamoo, fundi,” mkubwa alisema.

“Marahaba, mwanangu. Njoo unishikie hapa.”