Mlima Chini ya Dawati la Nyuma

Jumatatu, kipindi cha tatu, mwalimu wa jiografia aliingia kidato cha tatu bila chaki wala kitabu. Aliweka jiwe mezani, akakaa.

"Leo mimi sina la kusema," alisema. "Ulizeni nyinyi."

Wanafunzi walishika kalamu, wakasubiri notisi za kunakili. Mmoja akaandika kwenye daftari "Leo mimi sina la kusema", akapigia mstari. Baada ya dakika kumi, msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Walimwita Bubu, kwa kuwa tangu kidato cha kwanza hakuwahi kufungua mdomo darasani.

"Mwalimu, mlima unaanzaje?"

Sakafu chini ya dawati lake ikafura, saruji ikapasuka, na volkano ya kimo cha goti ikachomoza ikifuka moshi. Bubu akasogeza miguu.

"Haya, tumeupata," alisema mwalimu. "Tupime."

Walipima wiki mbili: urefu, joto, majivu kwa vijiko. Bubu alishika rula, akauliza mpaka wenzake wakamsihi apumue. Mwalimu alifurahi kweli, akaanza kufika kazini mapema. Aliyenung'unika ni mama mfagizi peke yake, maana majivu ni majivu.

Mkaguzi alipokuja, aliuzunguka mlima, akapangusa viatu, akaomba azimio la kazi.

"Volkano ni muhula wa pili," alisema. "Huu ni wa kwanza."

"Imewahi, mzee."

"Ingesubiri zamu yake."

Mwalimu akapewa barua: asome notisi kama wenzake, la sivyo anyang'anywe darasa.

Kwenye mtihani kulikuwa na swali: Volkano hutokea wapi? Bubu aliandika "Chini ya dawati langu", akachora jedwali la vipimo vya siku kumi na nne. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka "mipakani mwa mabamba ya dunia". Mwalimu akampa sifuri, na ilimuuma yeye mwenyewe mwalimu wiki nzima.

Siku hizi walimu huchemshia chai pale mlimani, maana jiko la ofisini liliharibika zamani. Mwalimu husoma notisi neno kwa neno, ameupa mlima mgongo. Bubu hunakili kwa hati nzuri, akiinua daftari kidogo lava ipite. Mtihani uliofuata alipata zote.

Hajauliza kitu tena.