Migomba ya Nyandwi

Febronia alipomwona Frednand anaingia uani na wanaume wawili na kamba, alijua wamefuata nini, na hasira ikampanda. Eti kamba. Mume wake amekuwa ndama wa kupelekwa mnadani.

"Shikamoo, shemeji," alisema, maana adabu ni adabu hata roho ikichemka.

"Marahaba, Mama Keza. Tumekuja kumchukua mdogo wangu. Kuna mtaalamu kule Nemba, atamtapisha hayo madawa."

Mtaalamu. Alikuwa wapi huyo mtaalamu tangu Kwaresima, Nyandwi alipoanza kuongea na ukuta, akaanguka kifafa kanisani, akamsahau hata binti yake Keza? Febronia ndiye aliyehangaika naye hadi hospitali kubwa Mwanza. Daktari alimweleza taratibu: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, imekosea, inaushambulia ubongo. Vidonge vya kwanza vilimvimbisha uso tu. Ndipo wakajaribu dripu mpya, na daktari hakumficha kwamba huenda nayo isimfae. Zilikuwa zimeshaingia tatu. Ya nne ilikuwa Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Alhamisi ana dripu," alisema. "Haendi Nemba."

"Dripu tatu, na hata jina lake hajui. Wanamjaribia tu, nawe unawaachia. Ukoo umeshakaa na umeamua."

"Umekaa lini? Mbona mimi ninayemwogesha na kumlisha sikuitwa?"

"Wewe ni mke tu. Huyu ni damu yetu."

Damu yao. Usiku damu yao ilipomng'ata Febronia bega kwa kuweweseka, hakuonekana mtu. Aliyeonekana ni Frednand shambani na panga, mwezi wa pili sasa, akijifanya anamsaidia mdogo wake. Shamba ambalo Nyandwi hakuruhusu hata mkewe aliguse! Kila shina aliliachia migomba mitatu, mama, mtoto na mjukuu, basi. Frednand aliacha machipukizi yasimame yote, matano, sita, kwa tamaa ya ndizi za pombe. Mtu anarithi huku marehemu anakunywa uji.

"Ingieni mumshike," Frednand aliwaambia wenzake.

Febronia akasimama mlangoni, mchi mkononi. "Atakayeingia atapita juu yangu. Na sitanii."

Nyuma yake kiti kikakwaruza sakafu. Nyandwi akatoka, ameshika ukuta, uso umemvimba, akampita mkewe bila kumtazama. Wale wanaume walimpisha. Akajikokota hadi shina la kwanza kando ya jiko, akaanza kugusa mgomba mmoja mmoja kwa kidole.

"Mama," alisema, sauti imemkauka. "Mtoto. Mjukuu."

Kidole kikasimama mbele ya mgomba wa nne. Kisha akageuka, akamwangalia kaka yake usoni.

"Na hawa wengine? Nani kaniharibia shamba?"

Frednand akacheka kidogo, akawageukia wenzake. "Mnasikia? Anaweweseka huyo."

Hakuna aliyecheka naye. Mmoja wao alianza kuikunja ile kamba.

Febronia alikuwa analia, na hasira haijampungua hata chembe. Mchi bado alikuwa ameushika.

"Amekuuliza swali, shemeji," alisema. "Mjibu."