Safi Asilimia Mia

Fundi rangi ambaye mtaa mzima ulishasahau jina lake na kumwita Brashi alikuwa na mambo mawili ya kujivunia: kuta zake hazikuwa na michirizi, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. La pili alilitangaza hata kwa watu waliokuja kumuuliza habari za kupaka geti.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kila alipoinuka kwenye kiti alishika kiuno kwa mikono miwili, kama anayezuia mlango usifunguke. Mdogo wake, aliyekuja kuwasaidia kazi za nyumbani, akataja kwamba kuna mafuta ya kunukia ambayo wajawazito hukandwa nayo. Brashi hakungoja sentensi iishe. Jumamosi mchana alipotoka kazini alipitia duka la vipodozi, akarudi na kichupa cha mafuta ya lavenda chenye urefu wa kidole gumba.

"Safi asilimia mia," aliwasomea lebo, akitulia kwenye kila neno.

Shemeji yake akataka kujua kama kliniki wameulizwa. Brashi akamjibu kwamba kitu safi hakiombewi ruhusa, kinachodhuru watu ni uchafu. Mke, ambaye mgongo ulikuwa umemchosha kubishana, akalala ubavu.

Sasa, mikono ya fundi rangi ina mazoea yake. Ikishika kitu cha majimaji, lazima ikieneze kona hadi kona. Brashi alimimina nusu kichupa kiganjani, akapaka kiuno chote, kisha akapiga mkono wa pili pale alipoona pamekauka. Chumba kikanukia kama hoteli ya wageni wenye mizigo ya magurudumu.

Mke akasema panawaka. Brashi akamwambia ndiyo dawa inaingia. Mke akasema tena, kwa sauti isiyotaka kurudiwa mara ya tatu. Brashi alipoangalia, ngozi ilikuwa imetutumka vipele kama rangi iliyopakwa kwenye ukuta mbichi.

Mke akashika tumbo. "Na mtoto je?"

Brashi akakichukua kichupa, wakatoka wote watatu. Kliniki ilikuwa mtaa wa pili tu. Alitaka kumbeba, lakini mkewe akasema atatembea, maana mikono ile kwa leo imetosha.

Mkunga alinusa kabla ya kuitikia salamu. Akakipokea kichupa, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akaanza kumpangusa mgonjwa kwa pamba iliyochovywa mafuta ya kawaida ya kupikia, ndipo akamwosha kwa maji na sabuni. Mikono ikiwa kazini, akamuuliza Brashi anafanya kazi gani.

"Fundi rangi."

"Ile rangi ya kuchanganyia, ya kwenye kichupa, huwa unaipaka ukutani hivyohivyo?"

Brashi akatoa kicheko cha mtu aliyeulizwa swali jepesi la fani yake. "Thubutu. Ile ni kali. Unatia tone kwenye ndoo..." Macho yakamwendea kichupa.

Shemeji yake akapatwa na kikohozi cha ghafla.

"Endelea, baba," mkunga akasema. "Unatia tone kwenye ndoo."

Kisha mkunga akamsaidia. Safi, alieleza, hapo maana yake ni kwamba hayajachanganywa na kitu. Mafuta ya aina hiyo huachwa kabisa miezi mitatu ya mwanzo, na baada ya hapo mtu anauliza kwanza, kwa sababu yapo ambayo mjamzito hapaswi kuyagusa hata kidogo. Lavenda akiruhusiwa, ni tone moja kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya kawaida, dirisha likiwa wazi. Kuyanywa, asifikirie hata kwa utani. Vile vipele vingetulia.

Lakini mke hakuwa amekuja kwa ajili ya vipele. Mkunga akaweka pembe ya kusikilizia tumboni, akainamisha sikio. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi cha Brashi kusahau kuvuta pumzi.

"Yupo," akasema. "Moyo unakwenda vizuri. Ila mkiona hachezi kama kawaida, au tumbo likikaza, mje hapahapa."

Brashi akaomba naye asikilize. Akapiga magoti, sikio kwenye pembe, rangi nyeupe imemganda kwenye nywele. Macho yakamtoka. "Unakwenda mbio mno. Nimemtisha?"

"Huo ni wako," mkunga akasema. "Hata mimi nausikia kutoka huku."

Mke akacheka mpaka pembe ikateleza. Akairudisha mwenyewe, akamwekea mumewe mkono kichwani. "Tulia basi. Umemtia msukosuko, angalau msikilize."

Brashi akatulia. Na kweli, kwa mbali, nyuma ya kelele zake mwenyewe, akausikia: mdogo, mwepesi, hauna habari naye kabisa. Samahani aliyokuwa ameiandaa ikapotea njiani, na kilichotoka kikawa kingine.

"Shikamoo," akaliambia tumbo.

"Marahaba," shemeji yake akaitikia kutoka mlangoni, kwa sauti nyembamba ya kitoto.