Nati Zisizotaka Kukazwa

Lori lilikuwa limeshatoka uani, kitanda kimefungwa kamba juu, vyombo vinagongana. Fundi bomba alibanwa kiti cha mbele, kati ya mlango na shemeji yake aliyeshika usukani, beseni la vikombe mapajani. Mumewe alishatangulia mji mwingine, kwenye kiwanda cha maziwa, na huko fundi pia alikuwa ameahidiwa kazi. Lilibaki neno tu la msimamizi wa kiwanda cha sabuni alichokuwa akikihama, kwamba mikono yake inaaminika.

Simu ikalia. Ni msimamizi mwenyewe.

"Pampu yako ya maji moto inatetemeka kama mwenye homa. Shingo inavuja tena. Huo mpira wako nautoa leo, narudisha bomba la chuma. Na hao wa maziwa wakiniuliza, nitasema nilichokiona."

"Usiguse kitu. Izime, ipoe. Nakuja."

Shemeji akaangua kicheko. "Bibi harusi karudia kiatu!"

"Geuza gari, shemeji. Utanitania njiani."

Hakuwa na hofu. Bomba la maji moto lilitoka kwenye boila mpaka kwenye pampu, refu, na chuma kikipata moto kinarefuka. Kikirefuka lazima kisukume kitu. Zamani kilisukuma pampu. Shingo, pale bomba linapoungana na pampu, zikapasuka, beringi zikaungua, watu wakawalaani waliotengeneza pampu. Yeye akalishikiza bomba ukutani ili uzito wake usiiangukie pampu, kisha akakata kipande karibu na shingo na kuweka kiungo cha mpira chenye tumbo, kimeze ule msukumo. Kando ya mpira zikapita fito za chuma za kuuzuia usivutike wala kubonyea kupita kiasi, nati zake zimeachiwa nafasi kwa makusudi.

Kwenye chumba cha pampu alichuchumaa, akajaribu kupitisha kidole kwenye ile nafasi. Hata kucha haikupita. Nati zilikuwa zimekazwa ndani na nje, kisha zikapanguswa zikang'aa. Kiwanda kizima aliyekuwa akipangusa nati baada ya kuikaza ni mmoja tu: mtunza pampu, baba mkwe wake, aliyesimama nyuma yake na kitambaa begani.

"Nani kakaza hizi?" msimamizi akauliza.

Shemeji akaanza kuikagua dari. Mkwe hamkosoi baba mkwe, sembuse mbele za watu. Lakini akinyamaza, jina lake ndilo litakalozikwa humo.

"Baba ndiye kakaza," akasema. "Kila nati humu kaikaza yeye, ndiyo maana sakafu ni kavu. Hizi tu ndizo hazitaki bidii. Ukizibana, mpira unakuwa chuma, na bomba linarudia kuisukuma pampu. Haya nilikueleza wewe, bosi. Ukasema utamwambia."

Msimamizi akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua.

"Niliziona zinacheza, mwanangu," mzee akasema. "Nikaona watu watamcheka mkwe wangu, kaondoka kazi hajamaliza."

"Nimekuelewa, baba. Basi shika spana, tuzilegeze."

"Nilegeze? Maisha yangu yote nimelipwa kukaza!"

"Leo unalipwa kulegeza," shemeji akadakia. Baba yake akamkata jicho.

Mzee alilegeza kama mtu anayeiba, akiangalia mlango. Fundi akabadilisha gasketi ya shingo, akapima nafasi za nati, akaamuru pampu iwashwe. Maji yalipopata moto, tumbo la mpira lilijikunja taratibu. Pampu ikatulia. Msimamizi akaiwekea kiganja, akakiacha hapo, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Wa maziwa walipopiga simu, aliwaambia mikono ya mwanamke huyo ni mizuri ila hajui kufunika maneno. Wakamchukua. Shemeji alifikisha lori salama, akaoa mwaka uliofuata. Mzee alitunza pampu mpaka akastaafu, na sasa anafuga kuku. Msimamizi aliacha kazi akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Pampu iliuzwa ikiwa nzima, kiwanda kilipohama. Fundi na mumewe wamehama mara mbili tangu hapo.